Ameoa Santuri, Bendi Hataki Kuiona

Barua iliyonifikia majuzi kutoka kwa mama mmoja wa Nakuru ilinichekesha kwanza, kisha ikanifanya nikae kimya. Anasema mumewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya upili, havuti sigara, hanywi pombe wala hana mwanamke wa nje. Ugonjwa wake ni santuri. Kila mwisho wa mwezi, kabla hajamlipa mwenye duka, huwa amekwisha kurudi na mbili tatu za jazi kwapani, na sasa vyombo vya mama vimehamishiwa jikoni ili kabati la sebuleni liwe makao ya santuri. Hayo yote angeyavumilia. Linalomkera ni kwamba kila akimwomba bwanake watoke wakaisikilize bendi ya jazi ikipiga, jibu huwa ni lile lile: "Ya nini kulipa kiingilio niwasikie wanagenzi, na hapa nyumbani ninao mafundi wenyewe?" Anataka niamue ni nani aliye na haki.

Mambo ya mke na mume yana wenyewe, na wagombanao ndio wapatanao. Hata hivyo, swali hili si la nyumba moja ya Nakuru. Wapenzi wa jazi wamelizozania tangu babu zetu wakiwa vijana: je, muziki huu makao yake ni santuri ama ni jukwaa? Na kwa kuwa limeingiana na pesa za matumizi ya nyumbani, halifai kupuuzwa.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Hapa kwetu neno "Jazz" limebandikwa bendi nyingi ambazo kazi yao haikuwa jazi. Shirati Jazz ya marehemu D.O. Misiani ilipiga benga. Morogoro Jazz, iliyompa umaarufu Mbaraka Mwinshehe, ilipiga muziki wa dansi. Kule Leopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, African Jazz ya Joseph Kabasele ilianza 1953 na OK Jazz ya akina Franco ikafuata 1956, zote zikiwa bendi za rumba. Enzi hizo kujiita "Jazz" ilikuwa ni kutangaza tu kwamba ninyi ni watu wa kisasa, mna magita na tarumbeta. Jazi iliyompokonya mama wa Nakuru kabati lake ni ile ya Wamarekani weusi, iliyochipuka katika mji wa New Orleans kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza.

Katika jazi hii, wimbo ni kisingizio tu. Bendi huupiga mara moja jinsi unavyojulikana, halafu kila mpigaji hupewa zamu ya kutunga wake papo hapo juu ya msingi ule ule, kama walivyokuwa wakifanya washairi wa Mombasa waliojibizana kwa beti mbele ya watu. Alichokipiga leo, kesho hatakirudia vile vile, na hata akiweza hatataka. Kwa hivyo mtu anaponunua santuri ya jazi, anachokipeleka nyumbani ni usiku mmoja wa maisha ya wapigaji wale. Usiku uliotangulia na uliofuata hayumo nao.

Sasa mwalimu na anisikilize. Wazee wa New Orleans walimtaja mpiga koneti Buddy Bolden kuwa ndiye mfalme wao wa kwanza. Walisimulia jinsi koneti yake ilivyovuma ng'ambo ya mji watu wakaacha walilokuwa wakifanya. Mwaka wa 1907 Bolden aliwekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akabaki humo mpaka alipofariki 1931. Santuri yake haijulikani kuwepo hata moja. Santuri ya kwanza ya jazi kuuzwa madukani ilirekodiwa New York Februari 26, 1917, na waliorekodi ni Wazungu, bendi iliyojiita Original Dixieland Jass Band. Yaani anayetegemea santuri peke yake huanzia kitabu sura ya tatu, tena anasomewa na mgeni.

Isitoshe, santuri zenyewe zilikuwa na ubahili wao. Zile nzito za kale, zilizovunjika kama sahani ya udongo, zilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja wa santuri ya inchi kumi ulibeba muziki wa dakika tatu hivi. Mtu aliyezoea kuwachezesha watu robo saa kwa wimbo mmoja, studio alilazimika kusema yake haraka haraka na kushuka. Ni mwaka 1948, kampuni ya Columbia ilipoleta ile santuri ndefu tunayoiita elpii, ndipo upande mmoja ulipoweza kubeba dakika ishirini na zaidi, na wapigaji wakapumua.

Kuna na miaka ambayo santuri nyingi zilinyamaza. Mnamo Agosti 1, 1942, chama cha wanamuziki wa Marekani kiliwaamuru wanachama wake wagome kurekodi, kikidai malipo kutoka kwa kampuni za santuri, na kampuni kubwa za mwisho hazikusalimu amri hadi Novemba 1944. Na ni katika miaka hiyo hiyo, kwenye vilabu vya Harlem kama Minton's Playhouse, ambapo vijana akina Charlie Parker, Dizzy Gillespie na Thelonious Monk walikuwa wakiipindua jazi na kuigeuza bebop, muziki wa kasi na wa kuumiza kichwa. Waliokuwa wakikesha vilabuni walishuhudia mtoto akizaliwa. Waliokaa nyumbani wakingojea santuri walishtukia tu ana meno.

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Newport.

Usiku wa Julai 7, 1956, bendi ya Duke Ellington ilipanda jukwaani katika tamasha la jazi la Newport, jimbo la Rhode Island. Usiku ulikuwa umeenda na baadhi ya watu walikuwa wameanza kuondoka. Ellington alikuwa na umri wa miaka 57, na wengi walikuwa wamekwisha kumweka katika kundi la wazee waliopitwa na wakati. Akauanzisha wimbo wake wa miaka ya thelathini, "Diminuendo and Crescendo in Blue", na katikati akamwachia zamu mpiga saksafoni Paul Gonsalves. Gonsalves akafumba macho akaanza kuzunguka: mzunguko mmoja, miwili, mitano, kumi, hadi ikatimia mizunguko 27 bila kupumzika. Mwanamke mmoja aliyevaa nguo nyeusi akainuka akaanza kucheza. Wengine wakasimama juu ya viti. Waliokuwa wakielekea langoni wakarudi mbio. Mwezi uliofuata sura ya Ellington ilikuwa kwenye jalada la jarida la Time, na tangu hapo hakuna aliyethubutu tena kumwita mzee aliyepitwa.

Columbia walikuwa wametega mitambo yao kurekodi. Taabu ni kwamba Gonsalves alikipulizia kipaza sauti ambacho si chao. Kilikuwa cha redio ya Sauti ya Amerika. Kwa hivyo katika kanda ya Columbia saksafoni ile iliyowatia watu wazimu ilisikika kwa mbali, kama mtu anayeita akiwa ng'ambo ya mto. Vipande vingine vya usiku huo havikumridhisha Ellington, vikarudiwa studio siku chache baadaye, halafu makofi na vifijo vikabandikwa juu yake. Santuri ikatoka mwaka huo huo na ikauzwa kuliko nyingine yoyote ya Ellington. Kwa zaidi ya miaka arobaini watu wenye makabati kama la mwalimu waliipenda wakidhani wanausikia usiku wa Newport wote jinsi ulivyokuwa. Mpaka ile kanda ya redio ilipopatikana, na mwaka 1999 likatolewa toleo lililounganisha kanda zote mbili, ndipo Gonsalves akasikika wazi.

Nauliza tu: hao mafundi alio nao mwalimu kabatini, ana hakika wote walipiga mahali ambapo jalada linasema walipiga?

Ila mama naye asishangilie mapema.

Jumapili ya Juni 25, 1961, mpiga piano Bill Evans na wenzake wawili, Scott LaFaro wa besi na Paul Motian wa ngoma, walipiga mchana na usiku katika Village Vanguard, ukumbi mdogo ulio chini ya ardhi mjini New York ambao umekuwepo tangu 1935. Kampuni ya Riverside ikarekodi yote. Ukiitia santuri hiyo sindano na ukatulia, utasikia glasi zikigongana, watu wakipiga soga na mtu akicheka, na huku piano inalia taratibu kama mvua ya usiku. Siku kumi na moja baadaye LaFaro alifariki katika ajali ya gari akiwa na miaka 25. Wale waliolipa kiingilio wakaketi hatua chache kutoka kwenye besi yake walikuwa wakiagiza vinywaji. Sisi ambao wengine tulikuwa hatujazaliwa, na tuko bara jingine, tunaisikia kila nyuzi aliyoigusa. Kwa hivyo kwenda ukumbini peke yake si kusikiliza. Nimeona hapa Nairobi meza nzima ikipiga picha za simu kutoka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, na kesho yake wakiulizwa nani alipiga ngoma wanatazamana.

Wako walioumwa na yote mawili kwa wakati mmoja. Dean Benedetti, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga saksafoni, alimwandama Charlie Parker ukumbi hadi ukumbi mnamo 1947 na 1948 akiwa na mtambo wa kurekodi. Parker akianza zamu yake, mtambo unawashwa. Akimaliza, unazimwa, wenzake wote wa bendi wakitupwa nje. Ni kama kwenda arusini ukala biriani ukaondoka kabla ya kumwona bwana arusi. Lakini Parker alifariki 1955 akiwa na miaka 34 tu, na kanda za Benedetti zilipotolewa hadharani mwaka 1990 baada ya kufichika miaka mingi, hakuna aliyemcheka tena.

Na hizo santuri azipendazo mwalimu, nyingi zilizaliwa kwa sababu mtu fulani alitoka nyumbani. Desemba 23, 1938, Mjerumani mmoja mhamiaji aitwaye Alfred Lion alikwenda kwenye onyesho la muziki wa Wamarekani weusi katika ukumbi wa Carnegie, New York. Akawasikia wapiga piano Albert Ammons na Meade Lux Lewis. Wiki mbili baadaye, Januari 6, 1939, aliwaingiza studio kwa gharama yake. Huo ndio mwanzo wa Blue Note, kampuni ambayo santuri zake za miaka ya hamsini na sitini ndizo wakusanyaji duniani wanazozipigania kama wafanyabiashara wa dhahabu.

Hapo kwenye kupigania ndipo ninapomwonea mama huruma. Mkusanyaji aliyekolea hatosheki na muziki. Huigeuza santuri akasoma anwani ya kampuni iliyochapwa kwenye kibandiko cha katikati, kwa kuwa Blue Note ilihamahama na anwani ya zamani ndiyo yenye bei. Hutafuta karibu na kibandiko alama ndogo mfano wa sikio, inayoonyesha kiwanda kilichoichapa. Santuri moja ya mpiga saksafoni Hank Mobley ya mwaka 1957, nambari 1568, ikiwa ya chapa ya kwanza na haijakwaruzwa, huuzwa kwa maelfu ya dola. Kwa pesa zetu hizo ni karo ya watoto miaka kadhaa. Na aliyeinunua kwa bei hiyo mara nyingi haichezi, anaogopa sindano. Muziki ule ule unapatikana katika matoleo ya baadaye kwa bei ya mlo wa watu wawili hotelini. Anayenunua kwa ajili ya masikio hana haja ya alama ya sikio.

Wala haina maana kwamba kupenda santuri ni upungufu. Wajapani wana mikahawa yao ya jazi ambayo ilianza zamani. Mmoja uitwao Chigusa, mjini Yokohama, ulifunguliwa 1933. Santuri kutoka Marekani zilikuwa ghali mno kwa mtu wa kawaida, bendi za huko nazo zilikuwa nadra kufika, basi mwenye mkahawa ndiye aliyenunua santuri. Mteja aliagiza kikombe kimoja cha kahawa akakaa saa nyingi akisikiliza kimya. Mtu akiongea hukaziwa macho. Art Blakey na bendi yake ya Jazz Messengers walipozuru Japani Januari 1961, walikutana na watu waliokwisha kuyafahamu mapigo yao kwa moyo, na walipokelewa kwa shangwe ambayo wapigaji weusi hawakuizoea kwao. Santuri ndizo zilizowaandalia uwanja.

Mwalimu angeweza kunipiga kwa kisa hicho, na ningekubali. Lakini na atazame Wajapani walifanya nini siku bendi ilipofika. Hawakubaki mkahawani.

Basi uamuzi wangu ni huu, na wasiponiafiki wanipeleke kwa wazee. Pesa za santuri zisitoke kabla ya za duka. Hilo halina mjadala. Kinachobaki kigawanywe: miezi miwili ni ya santuri, wa tatu ni wa kutoka wote wawili, na pesa za mwezi wa tatu zikae kwa mama. Vyombo virudi kabatini, maana kabati la vyombo haliwafai wote wawili. Santuri za elpii husimamishwa wima kama vitabu. Ukizilaza moja juu ya nyingine zinapinda. Jalada moja ni upana wa futi moja na kidogo kila upande, na santuri mia moja ni uzito wa gunia dogo la viazi, kwa hivyo seremala apige rafu fupi ya mbao nene, iwe mbali na dirisha na mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana. Akitaka kununua zilizotumika, kama vile kwenye kibanda mashuhuri cha Kenyatta Market jijini Nairobi, aitoe santuri ndani ya jalada, aishike kwa kingo, aiinamishe kwenye mwanga aone mikwaruzo, na ahakikishe iliyomo ndiyo iliyoandikwa nje. Nimesikia vilio vingi vya watu waliofika nyumbani na jalada la Coltrane lenye nyimbo za Krismasi.

Lililobaki ni lile neno "wanagenzi", ambalo ndilo lililonikaa rohoni. Wengi wa vijana wanaopiga jazi hapa nchini hawana santuri hata moja yenye jina lao. Siku wanapopiga, ndiyo hiyo hiyo. Wapo waliofunzwa ala katika mradi wa Ghetto Classics kule Korogocho, mtaa wa mabanda ulio jirani na jaa la Dandora, na tamasha la jazi la Safaricom lililoanza 2014 lilichangisha pesa za kuwasomesha watoto hao muziki. Mtoto aliyejifunzia saksafoni huko hawezi kumngojea mwalimu mpaka atengeneze santuri. Hata Bolden hakuwa nayo.

Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, kwa hivyo onyesho la usiku litawatesa kwa usafiri. Aprili 30 kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Jazi, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2011, na wiki hiyo si vigumu kupata mahali panapopigwa jazi. Tafuteni onyesho la mchana. Fikeni mapema na mkae upande ambao mtaiona mikono ya mpiga piano. Katika jazi watu hupiga makofi kila mmoja amalizapo zamu yake, hawangoji wimbo uishe, basi mama asione haya kuanza. Bendi ikienda kupumzika msiondoke, kwa kuwa kipindi cha pili ndicho ambacho wapigaji huwa wamepata joto. Na mwalimu asiwe na haraka ya kuwalinganisha na wale wa kabatini. Akae nao kipindi kizima, halafu kwenye matatu, wakirudi nyumbani, amweleze mkewe alichokisikia.